Nyama Ikipumzika, Viazi Vikiiva: Uhakiki wa Fani ya Andiko la Upishi

Mwaka 1826 Mwingereza mmoja aitwaye Eliza Acton alichapisha diwani ya mashairi. Mwaka 1845 akatoa London kitabu cha upishi wa nyumbani, *Modern Cookery for Private Families*. Diwani ile leo inasomwa na wachache mno. Kitabu cha upishi, kwa upande wake, kiliacha alama ambayo bado inaonekana katika kila jiko lenye kitabu. Kwa desturi, Acton alieleza kwanza namna ya kupika, kisha chini ya maelezo akakusanya mahali pamoja vipimo vyote na muda wa kukaa motoni. Katika vitabu vilivyomtangulia, kama kile cha Hannah Glasse cha mwaka 1747, vipimo vilikuwa vimezama ndani ya sentensi, na mpishi alilazimika kuvipigia mbizi. Nashawishika kwamba haikuwa bahati tu kwa mshairi kuliona pengo hilo. Mtu aliyezoea kupima mishororo anajua kwamba mpangilio wa maneno ni sehemu ya maana yake.

Mwaka 1861 Isabella Beeton alichapisha kitabu chake kikubwa cha uendeshaji wa nyumba. Alichukua mapishi mengi kutoka kwa Acton, lakini akafanya badiliko moja la fani: orodha ya vitu akaipandisha juu, kabla ya maelezo. Akaongeza gharama, idadi ya walaji na msimu. Umbo hilo ndilo tulilolirithi hata katika Kiswahili. Fungua andiko lolote la upishi la Dar es Salaam au Mombasa, utakuta juu "Mahitaji" na chini "Namna ya kupika". Zanzibar wengi huandika "Vipimo".

Kuhamisha orodha kutoka chini kwenda juu kunaonekana jambo dogo, lakini kunambadili msomaji. Kwa Acton, msomaji ni mpishi: anasikiliza kazi yote kwanza, halafu anapewa hesabu ya kukumbuka. Kwa Beeton, msomaji ni mwenye nyumba mwenye mkoba mkononi: anaanza sokoni, kisha anaingia jikoni. Kabla hatujasoma neno moja juu ya chakula chenyewe, fani imeshaamua sisi ni nani.

Ili kuipima fani hii nimechagua mlo wa Kiingereza ulio mwepesi kuutaja: nyama ya ng'ombe ya kuoka na viazi, chakula cha Jumapili mchana. Una vitu vichache, na viungo vyake havizidi chumvi na pilipili manga. Pilau inaweza kuficha kosa la mwandishi ndani ya bizari na mdalasini. Mlo huu hauna pa kulificha. Ni lazima pia tuutenge na rosti yetu. Neno lilivuka bahari likabadilika kazi: ukiagiza rosti katika mkahawa wa pwani utaletewa nyama yenye mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Huko Uingereza nako neno lilihama. Zamani lilitaja nyama iliyozungushwa kwenye kijiti mbele ya moto wa wazi. Leo linataja nyama iliyofungiwa ndani ya oveni.

Hili hapa andiko la mlo huo, kwa maneno yangu, katika umbo lililozoeleka vitabuni:

Mahitaji: nyama ya paja isiyo na mfupa, kilo 1 na nusu, viazi mviringo, kilo 1 na robo, mafuta, vijiko 5, chumvi na pilipili manga, kiasi.

Nyama. 1: Washa oveni, nyuzi joto 220. 2: Paka nyama mafuta, chumvi na pilipili manga. 3: Oka dakika 20 ili kufungia maji yake ndani. 4: Punguza moto hadi 180, oka dakika 20 kwa kila nusu kilo. 5: Toa, funika, acha ipumzike dakika 20.

Viazi. 1: Menya, kata vipande vikubwa. 2: Chemsha dakika 8, mwaga maji, tikisa sufuria. 3: Pasha mafuta katika trei. 4: Tia viazi, oka kwa nyuzi 200 dakika 50, mpaka viwe rangi ya dhahabu.

Tuanze na vitenzi. Washa, paka, oka, punguza, toa, funika, menya, kata, chemsha, mwaga, tikisa, pasha, tia. Vyote ni vya amri, na mtendaji ni mmoja, msomaji. Nyama na viazi ni watendwa tu, hadi tunapofika hatua ya tano ya nyama, ambapo sarufi inageuka ghafla: "acha ipumzike". Kiambishi i- cha ipumzike ni cha nyama. Kwa mara ya kwanza nyama inafanya jambo, na mpishi anaambiwa aondoe mkono. Hapa fani imesema kweli kubwa kuliko mwandishi alivyokusudia. Nyama iliyotoka motoni sasa hivi ni ya moto sana pembeni na ya moto kidogo katikati. Ikikaa, joto husambaa na majimaji yake huwa mazito, hivyo kisu kikipita hayamwagiki yote siniani. Kukata mapema ni kumnyang'anya mhusika zamu yake ya kutenda.

Tutazame pia namna andiko linavyopima. Lina vipimo vya aina tatu: tarakimu, "kiasi" na "mpaka". Wako wanaokidharau "kiasi" chetu kwa kudhani ni uvivu wa mwandishi. Mimi naona ni heshima kwa msomaji, kwa kuwa chumvi ya mawe na chumvi laini hazilingani kijiko kwa kijiko, na ulimi wa nyumba moja si wa nyumba nyingine. Uzito wa nyama haufai kuachiwa kiasi, kwa sababu muda unahesabiwa kutoka humo: kilo moja na nusu inahitaji dakika 20 za moto mkali na dakika 60 za moto wa wastani, jumla 80. Kuhusu viazi, tarakimu 50 haina nguvu kama "mpaka" unaoifuata. "Mpaka" humkabidhi mpishi jicho lake. Humwambia saa ya ukutani ni mshauri, na rangi ndiyo hakimu. Andiko zuri hujua mahali pa kuweka kila kimojawapo. Nyama haionyeshi ndani yake, basi ipewe tarakimu, na kipimajoto kikiwapo ni bora zaidi: nyuzi 60 katikati kwa anayependa iwe na wekundu, nyuzi 70 kwa anayetaka iive kabisa, kama wengi wetu. Kiazi huonyesha hali yake kwa nje, basi kipewe mpaka.

Katika hatua ya tatu ya nyama kuna kineno "ili". Andiko la amri likitoa sababu, msomaji huiamini zaidi ya amri yenyewe. Sababu hii lakini si ya kweli. Dhana kwamba moto mkali huifunga nyama isitoe maji ilienezwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19, na imekwisha kukanushwa kwa majaribio: ganda la nyama halizuii maji, na mlio wa mafuta katika trei ni ushahidi kwamba maji yanaendelea kutoka. Moto mkali una kazi nyingine. Huleta ule wekundu wa kahawia na harufu yake, tokeo la protini na sukari kukutana katika joto kali, lililoelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Amri ni sahihi, sababu ni batili. Wakati huo huo "tikisa sufuria", amri ambayo msomaji angehitaji sana kuelezwa, imeachwa bila "ili" yake. Viazi hutikiswa ili kingo zake zilizolainika zichubuke na kuwa na unga unga. Pale penye mikwaruzo ndipo mafuta hushika, na ndipo ukavu wenye kulia mdomoni hupatikana. Mwandishi ameitolea sababu nyama na kuvinyima viazi.

Upendeleo huo una historia. Nyama ya ng'ombe ni mhusika mkuu katika taswira ya Waingereza juu ya nafsi zao. Mwandishi Henry Fielding aliitungia wimbo wa tamthilia mwaka 1731, na mwaka 1748 mchoraji William Hogarth akachora kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe kikibebwa mbele ya lango la Calais huku Wafaransa wenye njaa wakikikodolea macho. Viazi havina sifa ya namna hiyo. Katika kitabu cha Beeton nyama ina sura zake na mboga zina sura zake, kurasa nyingi mbali. Kwa zama zile mgawanyo huo ulikuwa na haki, kwa kuwa nyama ya namna hii iliokwa mbele ya moto wa wazi, na vilivyoambatana nayo viliweza kuwa na mahali pao. Oveni ya leo imevitia vyote katika chumba kimoja. Moto umebadilika, fani imebaki pale pale.

Hapa ndipo penye kasoro kuu ya andiko letu. Soma tena: nyama inadai nyuzi 180, viazi vinadai 200, na oveni ni moja. Nyama ina dakika 80, viazi 50, na hakuna sentensi hata moja inayosema lini viazi viingie. Aya mbili zimeandikwa kama nyumba mbili zisizopakana. Mpishi mgeni akifuata utaratibu wa kurasa, atamaliza ya nyama ndipo aanze ya viazi. Saa ya kula, nyama itakuwa imepoa, au viazi vitaletwa vikiwa vyeupe na vilegevu. Lawama itamwangukia yeye, ilhali aliyemwangusha ni mpangilio wa maandishi.

Na siri ya mlo huu imo katika kile ambacho aya mbili zimekikata vipande viwili. Dakika 20 za nyama kupumzika ndizo dakika 20 za viazi kupata moto mkali. Nyama ikitoka, oveni inabaki na nafasi, moto unaweza kupandishwa bila kumdhuru yeyote, na viazi vinapata ukavu wake wa mwisho. Ni tukio moja lenye pande mbili, mithili ya ukwapi na utao wa mshororo mmoja. Andiko limeuweka ukwapi mwisho wa aya ya kwanza na utao mwisho wa aya ya pili, na mizani ikapotea.

Kiswahili kina dawa ya jambo hili ndani ya sarufi yake, nacho ni kiambishi -ki-. Hebu tuliandike upya andiko lile:

Nyama ya kilo moja na nusu ikishakaa dakika 20 katika oveni ya nyuzi 220, punguza moto hadi 180. Ikiendelea kuiva, menya viazi, uvichemshe dakika 8, umwage maji na kuvitikisa mpaka kingo zichubuke. Nyama ikibakiza nusu saa, tia viazi katika trei yenye mafuta ya moto, uviweke rafu ya chini. Nyama ikitoka, ifunike, na papo hapo rudisha moto 220, uvihamishie viazi rafu ya juu. Nyama ikipumzika, viazi vitakauka na kupata rangi ya dhahabu. Dakika 20 zikiisha, kata nyama, pakua.

Mara sita kiambishi hicho kimefungua sentensi, na kila mara kimefunga nyuzi mbili za wakati kwa fundo moja. Tena kina uwili wa maana: hubeba wakati, na hubeba sharti. "Nyama ikitoka" ni pindi itokapo, na pia ni kama itatoka. Viazi havipandi rafu ya juu mpaka nyama iwe imekwenda. Hatua zenye namba humwamrisha mpishi kwa saa. Sentensi ya -ki- humwamrisha kwa hali ya chakula chenyewe. Na kutoka mara moja, nyama sasa inatenda mara tano: inakaa, inaendelea, inabakiza, inatoka, inapumzika. Mpishi amekuwa mtu anayekwenda sambamba na chakula chake.

Ipo hoja ya kuzitetea namba, nami naiheshimu. Mwenye mikono yenye mafuta huhitaji kurudi haraka kwenye mstari alipoachia, na namba humwonyesha. Kwa chakula cha chungu kimoja, kama maharage ya nazi, hatua zilizofuatana zinatosha kabisa, maana kazi nayo imefuatana. Hata kwa mlo huu sioni sababu ya kuitupa orodha ya Beeton. Anayekwenda buchani anaihitaji. Nionavyo, kosa ni kuitumia fani ya chungu kimoja kuelezea vyombo viwili vinavyogawana moto mmoja.

Basi hukumu yangu ni hii. Umbo la "Mahitaji" na "Namna ya kupika" linafaa sokoni na linafaa kwa nusu ya kwanza ya kazi jikoni. Kwa mlo wenye vyombo zaidi ya kimoja linamwacha mpishi pale anapolihitaji zaidi. Waandishi wetu wa upishi waiweke orodha juu, waandike tarakimu pale penye uzito na "mpaka" pale penye rangi, watoe sababu za kweli au wasizitoe kabisa, na wanapofika motoni waiachie -ki- ifanye kazi yake. Mama zetu hawakufundisha jikoni kwa namba, walisema, "Nazi ikichemka, tia mchele." Fani tunayoitafuta vitabuni ilikuwa midomoni mwao.