Fundi Anayeosha Kwanza

Oili inapodondoka chini ya pikipiki ya zamani, inapodondokea sipo ilipotokea. Imeshuka kwa uzito wake, upepo wa safari umeisukuma nyuma, imefuata mapezi ya silinda, imezunguka vichwa vya boliti, imekutana na oili nyingine njiani, ndipo ikaachia pale chini kabisa. Mwenye pikipiki hulijua lile tone la mwisho tu. Fundi wa kweli huanza sakafuni akapanda juu, huanza nyuma akaja mbele, mpaka aifikie nukta ambayo juu yake pamekauka. Kazi hiyo ya kutafuta ndiyo ninayotaka kuisifu. Haina kelele wala cheche, na mtu anayepita nje ya karakana anaweza kudhani kwamba ndani hakuna linalofanyika.

Nachukua mfano wa Triumph Bonneville, pikipiki ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1959 kutoka kiwanda cha Meriden, karibu na Coventry. Injini yake ina ukoo mrefu. Edward Turner ndiye aliyebuni ile ya Speed Twin iliyotolewa mwaka 1937, yenye cc 498. Baadaye ikakuzwa hadi cc 649, lakini mpango wake ukabaki uleule: pistoni mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, zinazopanda pamoja na kushuka pamoja. Ni injini inayopendeza macho na masikio. Imebeba pia sifa ya kuvuja, na sifa hiyo imekaa muda mrefu hata wamiliki wengi wameichukulia kuwa ndiyo maumbile yake, wakatandika boksi chini ya pikipiki na kuendelea na mambo yao. Mimi sikubaliani nao. Bonneville iliyofungwa na mkono unaojua hukaa kavu. Kinachotakiwa ni mtu anayeelewa kwa nini oili inataka kutoka.

Mtu huyo huanza na mafuta ya taa na brashi. Hufunika kabureta na nyaya kwa nailoni, kisha husugua kila pezi, kila kona, mpaka chini ya giaboksi ambako uchafu wa miaka umeshikana na oili ukawa lami. Hukausha kwa upepo wa kompresa. Halafu huchukua poda ya kawaida, ile wanayopakwa watoto baada ya kuoga, akaipulizia injini nzima mpaka iwe nyeupe. Pikipiki huwashwa, ikapata moto, ikazungushwa kidogo barabarani, kisha ikarudishwa na kutazamwa kwa tochi. Juu ya weupe ule, oili huchora mstari mwembamba wa kijivu. Ncha ya juu ya mstari ndiyo mlango. Kama mistari ni miwili, anafuata ule ulio juu zaidi na mbele zaidi, anautibu, kisha anaosha upya na kupaka poda upya, maana ule wa pili huenda ulikuwa mtoto wa wa kwanza.

Pua nayo hufanya kazi. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Oili ya injini haina. Oili inayorushwa na mnyororo wa nyuma huenea kwenye rimu na mkono wa nyuma, na wengi wamefungua giaboksi bure kwa sababu yake.

Mahali penye mtihani mkubwa ni kwenye mirija miwili ya chuma iliyosimama katikati ya silinda, mmoja mbele na mwingine nyuma. Ndani yake hupita fimbo zinazosukuma valvu, na ndani yake humohumo oili iliyolainisha roka hurudi chini. Kila mrija una sili juu na sili chini, na umebanwa kati ya hedi na bloku ya tapeti. Mrija wa mbele ukivuja kwenye sili ya chini, oili hupeperushwa nyuma na kukusanyika kwenye maungio ya silinda na kesi ya injini. Mtu akiitazama hapo husema gasketi ya chini imekufa. Hufungua injini yote, hubadilisha gasketi iliyokuwa nzima, na asipogusa sili za mrija, pikipiki huvuja kesho yake kama jana.

Hata aliyeutambua mrija bado hajamaliza. Sili zikiwa nyembamba, hazibanwi vya kutosha na oili hupita. Zikiwa nene, huinua hedi. Boliti zinakazwa mpaka mwisho, lakini nguvu yote inaishia kwenye mpira wa sili, na gasketi ya shaba ya hedi haipati mgandamizo wake. Basi huyo aliyetaka kuzuia oili sasa ana hedi inayopumua moto wa petroli. Ndiyo maana fundi hukaa na vipimo vyake kabla ya kufunga. Huiweka hedi juu ya mirija bila kuikaza, hupima mwanya uliobaki, hutoa unene wa gasketi, na kuchagua sili zitakazobanwa kwa chini kidogo ya milimita moja. Sili hizo huuzwa kwa unene tofauti kwa sababu hii hasa. Na kwa sababu injini nyingi za aina hii zimeshachongwa hedi au silinda mara kadhaa katika maisha yao, kipimo cha kitabu hakitoshi. Lazima injini hii iliyo mbele yako ipimwe yenyewe. Hapo ndipo ninapouona ufundi ukiwa heshima: mtu anakataa kudhani.

Lakini kuna chanzo kingine kilicho nyuma ya vingi, na ajabu ni kwamba hakihusiani na gasketi yoyote. Nimesema pistoni mbili hupanda na kushuka pamoja. Zinaposhuka, hewa iliyo chini yake kwenye kesi ya krenki inapungukiwa na nafasi ya cc 649 kwa mpigo mmoja. Zinapopanda, nafasi hiyo inarudi. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, jambo hilo hutokea mara 100 kila sekunde. Kesi ya injini imegeuka mvukuto wa mhunzi, na hewa ile ikikosa njia yake ya kutokea, itajitafutia nyingine, ikibeba oili.

Walioitengeneza walilijua hilo. Katika injini za miaka ya 1960, kwenye ncha ya kamshafti ya valvu za kuingizia waliweka kisahani chenye tundu kinachozunguka na kufungua njia ya hewa kwa wakati wake. Kuanzia mwaka 1970 waliacha kisahani hicho; hewa ikapitishwa kwenye chumba cha mnyororo wa klachi na kutokea nyuma kwa mpira mpana. Mpira huo ukikunjwa na mtu aliyetaka kuuficha, au ukiziba kwa tope, au pistoni zikiwa zimechoka na ringi zinapitisha moshi kwenda chini kuliko njia inavyoweza kuuondoa, injini nzima itatoka jasho: kwenye vifuniko vya roka, kwenye maungio ya kesi, kwenye sili ya sproketi. Ukiona oili sehemu tano kwa pamoja, usinunue gasketi tano. Tazama kwanza kama injini inapumua.

Kuna na uvujaji wa pikipiki iliyosimama. Bonneville haiweki oili yake chini ya injini. Ina tangi, ambalo kwenye zile za miaka ya 1960 liko pembeni na lina karibu lita tatu, na pampu yenye pistoni mbili ndogo: moja huipeleka oili, nyingine kubwa zaidi huirudisha. Kinachozuia oili ya tangini isiteremke yenyewe usiku ni kigololi kinachokalia tundu kwa msaada wa springi. Chembe moja ya uchafu ikikaa chini ya kigololi, oili hupenya taratibu. Pikipiki iliyokaa wiki kadhaa hukutwa tangi lake limepungua na kesi ya krenki imejaa. Ukipiga kiki, moshi hutanda, na muda si mrefu oili humwagika kwa wingi kupitia bomba la kupumulia. Mwenye mali hudhani injini imepasuka. Fundi huvua pampu, huosha kigololi na kiti chake, hubadilisha springi, na kuirudisha. Hakuna gasketi ya nje iliyohitajika.

Kuhusu nyuso zinazokutana, mambo si mengi ila hayasamehe. Kesi ya injini hii imegawanywa wima, kushoto na kulia, na vipande vyake hukutana chuma kwa chuma bila gasketi, vikiwa na utando mwembamba tu wa dawa ya kuungia. Mkwaruzo wa bisibisi ya mtu aliyekosa subira ya kuvitenganisha unatosha kuwa mfereji wa oili kwa miaka 30. Vifuniko vidogo hunyooshwa juu ya kioo kinene kilichotandikwa msasa laini wenye maji, kwa kuvizungusha polepole mpaka uso wote upate rangi moja. Washa za shaba zilizowahi kubanwa huwa ngumu. Huchomwa mpaka ziwe nyekundu, zikapozwa, na ulaini wake hurudi. Silinda ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini, ambayo hutanuka kwa moto takriban mara mbili ya chuma hicho, kwa hiyo boliti za hedi hukazwa tena injini ikishawaka na kupoa. Na spana ziwe zake: boliti na nati nyingi za pikipiki hizi, hasa za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, hupokea spana za kipimo cha Whitworth, Mwingereza aliyependekeza kiwango cha nyuzi za skrubu mwaka 1841. Spana ya milimita huonekana kuingia, kisha hula kona za nati.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni gundi ya silikoni inayopakwa kwa nje, juu ya uvujaji, kama plasta. Na hata ile inayopakwa kwa ndani bila kiasi ni hatari, kwa sababu inayotokeza nje unaiona, lakini inayotokeza ndani huioni. Hukatika vipande, vikasafiri na oili hadi kwenye chujio au kwenye tundu jembamba linalopeleka oili kwenye roka. Injini inaonekana kavu, na huku juu vyuma vinasagana. Heri pikipiki inayodondosha huku kila kiungo chake kikipata oili kuliko ile iliyozibwa ikafa kwa kiu.

Mwaka 1969 Honda walileta CB750. Kesi yake imegawanywa kwa ulalo, kamshafti iko juu, haina mirija ya kuvuja, na dunia ikaona kwamba pikipiki kubwa inaweza kuegeshwa sebuleni. Viwanda vya Uingereza havikupona kutoka kwenye somo hilo, na Meriden ilifungwa mwaka 1983. Sioni haja ya kubishana na historia. Lakini elimu iliyozaliwa kwa kuzitunza pikipiki zile haikufungwa na kiwanda. Bodaboda nyingi zinazobeba watu Afrika Mashariki zina injini za Kichina zilizonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo nayo husukuma valvu kwa fimbo, ingawa fimbo zake hupita ndani ya silinda yenyewe. Nayo ina mpira wa kupumulia unaokunjika. Nayo huvuja juu ikaonekana chini. Fundi aliye chini ya mwembe, mwenye kopo la mafuta ya taa na brashi iliyochakaa, akitafuta chanzo kabla ya kugusa spana, anafanya kazi ileile inayofanywa kwenye karakana ya Bonneville ya kifahari, na anastahili heshima ileile.

Kwetu hapati heshima hiyo, na hili nalisema kwa uchungu. Tumezoea kulipia kifaa kilichobadilishwa na jasho tulilolishuhudia. Mteja akirudi akaambiwa tatizo lilikuwa mpira uliokunjika, huona ameibiwa akiombwa hela, ilhali aliyempasulia injini nzima bila sababu humlipa na kumshukuru. Kwa mtindo huo tunawafundisha vijana wetu kwamba kupasua kunalipa na kuchunguza hakulipi, kisha tunalalamika kuwa mafundi wanabahatisha. Basi, ndugu msomaji, ukimpelekea fundi pikipiki inayovuja akaanza kwa kuiosha, usimharakishe. Akikaa kimya akiimulika kwa tochi, mwache. Na akikuambia ameona chanzo na hakuna cha kununua, mlipe kwa saa aliyoitumia kutazama, tena mlipe vizuri.