Kuijua Land Cruiser Iliyo Nzima

Ukitaka kujua Land Cruiser ni nini kwa watu wa Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, panda Vuhovi siku ya mvua. Udongo wa kule, katika uchifu wa Bashu, ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Barabara inafuata mgongo wa mlima, upande huu shamba la mihogo, upande ule bonde. Pikipiki zinasukumwa. Lori la Fuso limeegeshwa chini, dereva anangoja jua. Kisha inatokea pikapu kuukuu, nyuma magunia ya kahawa, juu ya magunia watu, inanguruma polepole katika gia fupi, na haisimami mpaka juu.

Huku kwetu gari la namna hiyo huitwa jipu, na wanaoliita hivyo hawajakosea sana. Toyota ilipounda la kwanza, mwaka 1951, ililiita Toyota Jeep BJ. Vita vya Korea vilikuwa vinapiganwa, jeshi la Marekani lilitaka magari ya porini yaundwe jirani, na kampuni aliyoianzisha Kiichiro Toyoda mwaka 1937 ilikuwa bado inatafuta kazi ya kuisimamisha. Mwaka huo wa 1951 dereva wake wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha gari hilo mlima Fuji hadi kituo cha sita, ambako hakuna gari lililokuwa limewahi kufika. Polisi wa Japani wakaagiza 289. Lakini jina la Jeep lilikuwa mali ya kampuni ya Willys ya Marekani, basi mwaka 1954 mkurugenzi wa ufundi, Hanji Umehara, akalipatia jina jipya: Land Cruiser. Jina lililokatazwa kiwandani limebaki midomoni mwetu.

Katika habari hiyo kuna jambo moja ambalo mnunuzi analihitaji. Moteri ya BJ ile, yenye lita 3.4, ilitoka kwenye lori. Gari dogo lilipewa moyo wa gari kubwa, na moyo usiolazimishwa kutoa nguvu zake zote hukawia kuchoka. Toyota haikuuacha mpango huo. Novemba 1984 ulitoka mfululizo wa 70, na mwaka 1990 ukapewa moteri ya 1HZ: silinda sita katika mstari mmoja, lita 4.2, inakunywa mazutu, haina tabo wala kompyuta. Mwaka 1999 pikapu ya 75 ilimwachia nafasi mdogo wake, 79, ambaye mbele ana springi za koili badala ya zile za majani. Kuna Land Cruiser nyingine za kifahari, na mwaka 2019 Toyota ilitangaza kwamba zote kwa jumla zimepita milioni 10 duniani. Nitasema habari za hiyo ya 1HZ tu, kwa kuwa ndiyo inayotulisha.

Mnunuzi wa Butembo akifika sokoni huuliza kwanza: Haijafunguliwa? Anataka moteri ambayo mkono wa fundi haujaigusa. Mimi naona swali hilo linampoteza. Gari lililotembea miaka 20 kati ya Kasindi, Beni, Butembo na Kanyabayonga bila kufunguliwa sijaliona, na anayeniambia analo namshuku. Tena Land Cruiser iliundwa ifunguke. Boliti zake zinafikika, vyuma vyake vinakubali kutolewa na kurudishwa, na fundi aliye chini ya mkaratusi na spana zake anaweza kuishusha moteri na kuirudisha. Hiyo ndiyo sababu hasa ya wenye nayo kuipenda: haiwaachi mikononi mwa mtu wa mbali. Kwa hiyo mimi ninachotafuta kwenye gari ni mkono uliolifungua. Ulikuwa na subira, au ulikuwa na haraka?

Anza na kibati. Fungua boneti, tazama ukuta wa nyuma wa moteri, utakuta kipande cha bati kilichopigwa maandishi. Mahali pa modeli pataandikwa kitu kama HZJ79L, na herufi hizo zinasema mengi. HZ ni moteri ya 1HZ. J ni ukoo wa Land Cruiser. 79 ni umbo, yaani pikapu. 78 ni ile ndefu iliyofunikwa, wanayopakia watu. Ukiona PZJ, hiyo ni ndugu yake wa silinda tano. Herufi inayofuata tarakimu ndiyo wengi hawaiangalii: L ni gari lililozaliwa na usukani kushoto, R ni lililozaliwa na usukani kulia. Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto mwa barabara, sisi Kongo tunaendesha kulia, na katikati hapo kuna mafundi wanaohamisha usukani. Kibati kikisema R na usukani uko kushoto, basi sanduku la usukani, pedali na nyaya vilihamishwa na mtu. Huenda alifanya vizuri. Lakini wewe ujue, na bei ijue.

Kwenye kibati hichohicho pana namba ya rangi. 058 ni nyeupe. Gari jekundu lenye 058 lilipakwa upya, nawe una haki ya kuuliza kilichofichwa.

Sasa lala chini. Hapa watu wenye suti nzuri hukataa, na hapa ndipo wanapoibiwa. Namba ya shasi imechongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Isugue kwa kitambaa na mazutu kidogo, uilinganishe na ya kwenye kibati na ya kwenye karatasi za gari. Chuma cha pale kiwe sawa na cha jirani yake. Kikiwa kimesagwa, kimenenepa kwa rangi au kina alama za kuungwa, ondoka bila kubishana. Kisha fuata shasi mkono kwa mkono hadi nyuma. Pikapu zetu hubeba kuliko zilivyoagizwa kubeba, na mzigo wa miaka huonekana pale springi za nyuma zinaposhikwa. Ufa huanza mwembamba kama unywele, una kutu ya rangi ya chungwa iliyotoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Chenye ugonjwa kinajibu kwa sauti nzito, fupi.

Uchomeleaji si aibu. Uutazame tu kama unavyotazama mshono wa fundi cherehani. Mshono wa mtu anayeijua kazi una mawimbi madogo yanayolingana, na kipande alichoongeza kimekatwa pembe zikiwa za mshazari ili uzito usikusanyike mahali pamoja. Wa mwenye haraka una matone na mashimo, na juu yake amepaka lami nyeusi, mbichi, ili usione. Lami mpya chini ya gari la zamani nimejifunza kuiogopa kuliko kutu.

Kwa moteri, fika alfajiri. Butembo iko juu, zaidi ya meta 1,700, na asubuhi ina baridi ya kweli; hiyo ni zawadi kwa mnunuzi. Weka kiganja kwenye moteri kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, muuzaji ameiamsha kabla yako, nawe rudi kesho bila kumwambia. 1HZ iliyo nzima, plagi zake zikipata moto, hushika kwa mzunguko mmoja au miwili, hutetemeka kidogo, kisha hutulia katika mlio mpana, ulio sawa. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi si neno. Ukiendelea baada ya moteri kupata joto, una jambo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi nitausema baadaye.

Ugonjwa mkubwa wa moteri hii ni kichwa. Ikichemka mara moja vibaya, kichwa cha silinda hupasuka ndani, kwenye vyumba vidogo vinavyowashia mafuta, na ufa huo kwa nje hauuoni. Kwa hiyo kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya dawa yake; yakiwa na kutu, mwenyewe amekuwa akijaza ya mtoni, na rejeta imeziba nusu. Chovya kidole, ukisugue na kingine: utelezi ni oili. Washa, kifuniko kikiwa wazi, utazame. Mapovu yanayopanda bila kukoma, hata mtu akikanyaga mafuta, ni hewa ya silinda inayopita mahali isipopaswa kupita. Baada ya hapo rudisha kifuniko, uliendeshe gari mlimani angalau nusu saa, likiwa na mzigo ikiwezekana, macho yako kwenye kipimo cha joto. Kuzunguka mjini hakutakuonyesha kitu.

Uliza pia mkanda wa taimingi. Taa yake kwenye dashibodi huwaka kilometa 100,000 zikitimia, na kuna wanaoizima taa bila kubadilisha mkanda. Mkanda ukikatika mlimani, valvu hugongana na pistoni. Fundi asiyeweza kukuambia uliwekwa lini, chukulia haujawekwa.

Pampu ya mazutu ndiyo inayonipa huzuni. Moteri isiyo na tabo hukosa pumzi milimani kwetu kwa kuwa hewa ni nyepesi, na dereva anayetaka kumpita mwenzake humwomba fundi aizidishie mafuta. Skrubu moja inazungushwa, gari linapata nguvu wiki ile, na moshi mweusi unabaki nyuma yake kama bendera. Mafuta yasiyopata hewa ya kutosha yanaongeza joto, na kichwa nilichokisema ndicho kinacholipa. Tazama kama lakiri ya kiwandani bado ipo kwenye skrubu hiyo. Ikiwa imevunjwa, na moshi ni mweusi, unanunua deni la mtu mwingine.

Mbele, nyuma ya kila gurudumu, kuna mpira wa chuma ambao gurudumu hugeukia juu yake. Watu wengi hawajawahi kuutazama, ilhali ni shahidi asiyedanganya. Ukiwa na utando mwembamba wa grisi, sili ni nzima na mwenyewe ni mtu wa kutunza. Ukiwa mkavu na wenye kutu, umesahaulika. Ukiwa unatiririsha uji mweusi hadi kwenye tairi, sili ya aksli imekufa, oili ya difu imeingia kwenye grisi, na beringi zinaosha uso kwa maji machafu. Matengenezo yake ni ya siku moja kwa fundi mzuri, wala si ya ghali sana. Ila mtu aliyeliacha hilo, jiulize ameacha mangapi usiyoyaona.

Bodi nitaipita haraka. Mlango ufungwe kwa kidole; mifereji ya maji ya paa isiwe na kutu; mengine ni rangi. Gari lililotoka nchi za Ghuba lina chuma kikavu na mipira iliyopasuliwa na jua. Lililotoka Ulaya huenda limekula chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, basi lichunguzwe mara mbili chini. Yapo pia yaliyotumikia mashirika. Kati ya 2018 na 2020, Ebola ilipoua zaidi ya watu 2,200 katika nchi yetu, Beni, Butembo, Katwa na hata Vuhovi ziliguswa, na Land Cruiser nyeupe zilipandisha chanjo na wauguzi kwenye vilima ambavyo tusingevifikia vinginevyo. Gari la shirika utalijua kwa matundu ya antena yaliyozibwa. Mara nyingi limetunzwa kwa ratiba na kuendeshwa bila huruma, yote mawili kwa pamoja.

Vipuri vinakuja kutoka Dubai, na vingine kutoka soko la Kisekka, Kampala, kupitia Kasindi. Kopo lenye jina la Toyota halithibitishi kitu. Beringi halisi ina jina lililochongwa ndani ya chuma, wala si wino unaofutika kwa petroli. Filta halisi ni nzito mkononi. Mwombe muuzaji akuonyeshe vipuri vya zamani alivyovitoa. Fundi wa kweli huko kwetu humrudishia mwenye gari chuma kilichokufa, ili akione.

Nikiulizwa ninunue ipi, nasema HZJ79 iliyofanya kazi, rangi imechakaa, kichwa kimewahi kufunguliwa mara moja na fundi ninayeweza kwenda kumsalimia, na mwenyewe ana daftari la shule alimoandika kila oili aliyobadilisha na kilometa zake. Ile pikapu ya Vuhovi niliyoanza nayo iko hivyo. Daftari lake lina kurasa zilizojaa pande zote mbili. Nimemwomba mara mbili mzee mwenye nayo aniuzie, na mara zote mbili amekataa.