Kozi na Kasi Inayobaki

Katika soko la kozi la Souq Waqif, mjini Doha, mnunuzi anayeijua kazi huanza na miguu. Ndege wamefungwa kwenye vitulio vifupi juu ya mchanga uliomwagwa sakafuni, kila mmoja kavishwa burqa, kofia ndogo ya ngozi inayomziba macho ili atulie. Watalii hupiga picha na kupita. Mnunuzi huchuchumaa, akainua vidole vya ndege kimoja kimoja na kuchungulia unyayo kama una uvimbe au gaga jeusi, maana ugonjwa wa nyayo unaweza kumkalisha kozi msimu mzima. Kisha hukunjua bawa taratibu na kuhesabu manyoya makubwa ya kurukia, kumi kila upande, halafu kumi na mawili ya mkia. Hupapasa kifua kando ya mfupa ili ajue nyama ipo au imekwisha. Mwishowe ndipo huomba burqa ivuliwe ayaone macho. Bei haijatajwa bado. Na katika muda wote huo hajauliza ndege huyu huruka kwa kasi gani.

Kasi ndiyo sifa ya kozi inayojulikana na kila mtu, hata asiyewahi kumwona. Shahini, mmoja wa kozi hao, akijitupa kutoka juu hupita kilomita 300 kwa saa, na hakuna kiumbe mwingine anayemfikia. Lakini mwindaji wa Ghuba hamtumi ndege wake akaonyeshe sifa. Anamtuma mbali, jangwani, kwa windo lililokwisha kumwona na kuanza kukimbia. Swali lake ni moja: atakapofika huko, atakuwa amebakiwa na nini?

Mwenye bunduki angemwelewa upesi. Namba inayoandikwa kwenye boksi la risasi ni kasi ya mdomoni mwa mtutu, mahali ambapo hakuna mnyama. Kuanzia hapo hewa huila. Risasi ya milimita 7 inayotoka kwa mita 850 kwa sekunde, ikifika mita 500 huwa imekwisha kupoteza kama theluthi ya kasi yake, na upepo wa pembeni usiozidi kilomita 15 kwa saa umeshaisukuma karibu nusu mita. Risasi ya kuwindia kwa kawaida ina koti la shaba na kiini laini, nayo imetengenezwa ipasuke mbele na kutanuka ndani ya mwili, mnyama afe pale pale. Nyingi za namna hiyo zinahitaji kufika zikiwa na mita 550 hivi kwa sekunde. Chini ya hapo hazifunguki. Hupenya kama msumari, na mnyama hukimbia na jeraha jembamba akafie vichakani asikoonekana. Zipo zilizoundwa kwa ajili ya mbali, zenye koti jembamba na ncha laini, ambazo hufunguka hata kasi ikiwa imepungua. Hizo nazo, zikimpiga mnyama wa karibu zikiwa bado na nguvu zote, huweza kusambaratika kwenye mfupa wa bega kabla ya kufika mapafuni.

Hakuna risasi ya umbali wote. Kuchagua ni kukubali hasara mahali fulani ili upate faida pengine. Ile ndefu, nyembamba, nzito kwa kipenyo chake, hutoka mtutuni polepole kuliko nyepesi, na katika safu ya kwanza ya jedwali la kasi huonekana imeshindwa. Sogeza kidole hadi safu ya mita 500. Sasa ndiyo inayoongoza, kwa sababu hewa haikuinyang'anya mengi.

Nimekulia Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sioni haya kusema kwamba marufuku hiyo naipenda. Hata hivyo siwezi kuzungumzia uchaguzi wa risasi Afrika Mashariki nikamruka Walter Bell, Mskoti aliyepata jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake za pembe huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya 1,000. Hesabu hiyo ni ya kusikitisha, na biashara iliyokuwa nyuma yake haina cha kusifiwa. Ila wengi wa ndovu hao aliwaangusha kwa bunduki ndogo ya milimita 7 wakati wenzake wakibeba mizinga ya kuvunja bega la anayeipiga. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi, ndefu, imefunikwa koti gumu kote, haifunguki kabisa. Kwa swala ingekuwa chaguo baya. Kwa fuvu la ndovu, ambalo Bell alilipasua kwa msumeno ili aone ubongo umejificha wapi na unafikiwa kwa pembe gani, ilikuwa ndiyo yenyewe, kwa kuwa ilikwenda moja kwa moja bila kupinda. Alianza na windo, akarudi nyuma hadi kwenye risasi.

Doha pia huanzia kwenye windo, na jina lake ni hubara. Ni tandawala wa jangwani mwenye rangi ya mchanga, uzito wake kilo moja hadi mbili na ushei. Akihisi hatari hulala chini, akapotea machoni ilhali yuko mbele yako. Akigunduliwa hukimbia kwa miguu, na akiona hapana budi huruka, si juu sana, bali mbali, kwa mapigo ya nguvu yanayoweza kumpeleka kilomita kadhaa. Kozi akimkaribia, hubara humrushia kinyesi kinachonata. Kikiyashika vizuri manyoya ya bawa, msako umekwisha, na pengine siku nzima ya kozi imekwisha pamoja nao.

Kwa windo la namna hiyo, shahini mwenye sifa zote zile huwa na tatizo. Nguvu yake kuu inatoka juu: akipata kimo, hujitupa na kumaliza. Hubara akishapata nafasi ya kutangulia kwenye tambarare, kimo hicho hakina pa kutumika, na shahini analazimika kufukuza kwa mstari ulionyooka kama ndege wa kawaida. Ndiyo maana Waarabu wa jangwani kwa muda mrefu wamempenda hurr, kozi mkubwa wa nyika za Asia ya Kati. Mbawa zake ni pana, mkia mrefu. Huruka karibu na ardhi bila kuchoka upesi, hugeuka na windo linapogeuka, hustahimili joto na vumbi, na akikosa mara ya kwanza hasusi. Wa tatu ni jir, ndege wa kaskazini ya mbali kwenye theluji, mkubwa kuliko wote na mwenye nguvu nyingi katika kufukuza. Kosa lake ni kwamba Doha si nyumbani kwao. Joto humtesa, na kuvu wa mapafu humwandama. Wafugaji huchanganya damu ya jir na hurr, au ya jir na shahini, wakitafuta nguvu ya mmoja na uvumilivu wa mwingine, kwa hesabu ile ile ya mtengeneza risasi anayeongeza koti hapa na kupunguza pale.

Karibu kila mara anayetumwa kwa hubara ni jike, kwa kuwa jike wa kozi humzidi dume kwa kama theluthi ya uzito. Anaweza kumkabili hata hubara mwenye uzito maradufu yake. Hushika kwa kucha, kisha huuma shingo kwa mdomo wenye jino dogo pembeni, lililoumbwa kwa ajili ya kukatia uti. Mwenye ndege hukimbilia hapo na kisu, awahi kuchinja. Sura ya al-Maida imehalalisha kile anachokamata mnyama aliyefundishwa kuwinda, jina la Mungu likitajwa, na mwindaji hulitaja pale anapomwachia ndege mkononi.

Baada ya ndege kuchaguliwa huja kazi ya gramu. Mtu anayejaza maganda ya risasi zake mwenyewe hupima baruti kwa mizani, punje kwa punje, kwa sababu tofauti ndogo mtutuni huwa tofauti kubwa kwenye shabaha. Mwenye kozi naye ana mizani, na ndege husimama juu yake kila siku. Kozi aliyeshiba hana sababu ya kurudi mkononi. Kozi aliyenyimwa kupita kiasi atatoka kwa hamu na kuishiwa njiani. Kati ya hao wawili kuna nafasi ya gramu chache, nayo huhamahama: usiku wa baridi wa Januari hula zaidi ya usiku wa Novemba, na ndege aliyenenepa kwa misuli si sawa na aliyenenepa kwa mafuta. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Fundi hutazama kinyesi cha asubuhi, rangi na umajimaji wake. Huchambua kitonge cha manyoya na vifupa ambacho kozi hukitapika baada ya kusaga mlo. Humtazama ndege anavyotulia, amesimama kwa mguu mmoja au miwili. Nimeona wanaume wakibishana juu ya kitonge kimoja muda wote wa kunywa kahawa, na hakuna aliyeona ni mada ndogo.

Lakini kama ningeulizwa ni wapi ustadi huu unaonekana waziwazi, ningeelekeza kwenye hospitali ya kozi iliyo hapo hapo Souq Waqif. Wenye ndege huketi wakisubiri zamu kama katika zahanati yoyote, tofauti ni kwamba mgonjwa kakaa juu ya mkono. Kuna eksirei, kuna kamera nyembamba ya kuchungulia mifuko ya hewa ambako kuvu hujificha, kuna vipimo vya damu. Kuna pia hazina ya manyoya, yaliyookotwa ndege walipokuwa wakinyonyoka. Kozi akivunja unyoya wa kurukia, hautaota mwingine mpaka wakati wa kunyonyoka. Kusubiri nako kuna hatari yake, kwa sababu unyoya uliovunjika huwaacha majirani bila kinga, na huenda nao wakavunjika. Fundi hutafuta unyoya wa aina ile ile ya kozi, wa bawa lile lile, wa nafasi ile ile. Umri pia ni muhimu, kwani farkh, kozi wa mwaka wa kwanza, ana manyoya marefu kidogo kuliko gernas aliyekwisha kunyonyoka. Shina lililovunjika hukatwa vizuri, kijiti chembamba cha mwanzi au cha nyuzi ngumu huingizwa ndani yake, nusu huku nusu kule, na gundi tone moja. Pembe ikikosewa kidogo tu, bawa litavuta upande. Ikipatikana, huoni mahali pa maungio hata ukielekezwa. Unyoya uliopinda bila kuvunjika hunyooshwa kwa maji ya moto.

Hayo yote ni maandalizi ya msimu. Kiangazi, joto la Doha likipita nyuzi 40, kozi hukaa kwenye vyumba vyenye viyoyozi wakibadili manyoya. Nyota ya Suheli, ambayo manahodha wetu wa pwani pia waliielekea, huonekana mwishoni mwa Agosti, na Septemba hufunguliwa maonyesho ya S'hail katika kijiji cha utamaduni cha Katara, yaliyoanza mwaka 2017. Hapo bunduki na kozi huuzwa chini ya paa moja, na ni rahisi kumwona mtu akitoka kutazama darubini ya kulengea akaenda moja kwa moja kugeuza unyayo wa ndege.

Januari ni zamu ya Marmi, tamasha la kozi karibu na Sealine, kusini mwa Mesaieed. Mashindano ya kasi ni ya mita 400, ndege akifuata chambo cha manyoya, na saa ya kielektroniki ikipima hadi vipande vya sekunde. Yanasisimua, na zawadi zake ni kubwa. Kwa maoni yangu yanapima ile safu ya kwanza ya jedwali tu. Shindano la njiwa linanivutia zaidi: kozi huachiwa dhidi ya njiwa wa kupeleka barua, aliyezoea kurudi kwao kutoka mbali, na muda ukienda bila kumshika, kozi ameshindwa. Hapo huonekana nani bado ana pumzi, na nani alizimaliza zote mwanzoni.

Windo lenyewe limekuwa adimu. Hubara wa Asia aliorodheshwa mwaka 2014 miongoni mwa ndege walio hatarini, na hurr wa porini hali yake ni mbaya zaidi. Wengi huwafuata hubara nchi za mbali, na umbali una bei yake: Desemba 2015 msafara wa Wakatari waliokuwa wakiwinda kwa kozi ulitekwa katika jangwa la kusini mwa Iraki, na wengi wao hawakuachiwa hadi Aprili 2017. Nafasi zikiwa chache hivyo, kumwachia ndege ovyo ni ufujaji. Hubara ametangulia mno, upepo unavuma kutoka kwake, jua limebakiza nusu saa na kozi akipotea atalala nje ambako bundi wakubwa huwinda usiku: mwenye uzoefu hupima hayo kwa kitambo kidogo, akamrudishia ndege burqa, akamwambia dereva asogeze gari.