Heko kwa Wanaobobea Katika Dharura za Watoto

Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya AIC Kijabe huwanoa madaktari wa watoto wabobee katika dharura na wagonjwa mahututi. Nawapongeza kwa dhati. Mtoto mgonjwa huficha hatari: presha yake huweza kubaki sawa hadi karibu na mwisho, kisha ikaporomoka ghafla. Hata dripu ni mtihani. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kuwamiminia maji kwa kasi watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo. Ujuzi huu hauokotwi njiani. Serikali za kaunti, waajirini wahitimu hawa, na muwape vifaa.