Mafuta ndani ya Mafuta: Uhakiki wa Maelekezo ya Injini ya Mapigo Mawili

Tumeletewa kijitabu cha maelekezo ya injini ndogo ya boti, kilichofasiriwa kwa ajili ya wavuvi, nasi tukaombwa tutoe maoni juu ya istilahi zake. Mfasiri na muuzaji hatutawataja, kwa kuwa makosa yaliyomo si yao peke yao. Mengine tumekwisha kuyaona katika maelekezo ya misumeno ya mnyororo na ya pampu za kunyunyizia dawa mashambani. Yafaa hata hivyo tuyaseme waziwazi. Istilahi mbovu katika riwaya humkera msomaji. Katika kijitabu hiki yaweza kumwacha mvuvi baharini na injini iliyokwama.

Tuanze na jina la injini yenyewe. Mfasiri ameiita "injini ya viharusi viwili". Bila shaka alifungua kamusi ya Kiingereza, akakuta maana ya ugonjwa wa kupooza, akaridhika nayo. Kinachotajwa hapa ni mwendo wa pistoni: kupanda mara moja na kushuka mara moja, na kazi ya injini imekamilika, ilhali injini ya kawaida ya gari huhitaji miendo minne. Sisi twaona "mapigo mawili" yatosha. Tumeambiwa kwamba pigo ni msiba. Ni kweli, lakini mapigo ya moyo husemwa kila siku, wala hatujasikia mtu akidhani ni misiba.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno dogo. Kijitabu chamwagiza msomaji achanganye "mafuta na mafuta". Mafuta gani na mafuta gani? Kwa Kiswahili petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, ya taa, ya nazi na ya kujipaka ni mafuta pia. Katika mazungumzo upana huo hauleti taabu, maana kituo cha petroli hakiuzi nazi. Katika maelekezo ya ufundi haufai kabisa, na hasa kwa injini hii. Haina bakuli la oili chini yake kama gari. Petroli na oili huchanganywa kwanza. Mchanganyiko hupita pamoja na hewa katika chumba kilicho chini ya pistoni, hulainisha beringi na ukuta wa silinda, kisha huungua wote. (Ziko injini zinazojichanganyia zenyewe kutoka tangi la pili, hizo tunaziacha.) Oili ikipungua, pistoni hushika moto, hutanuka na kukwama. Ikizidi, moshi hujaa na masizi hushika plagi. Tena, jambo ambalo wengi hawalitambui, oili iliyozidi hushika nafasi ya petroli, injini ikavuta hewa nyingi kuliko inavyostahili, nayo ikapata joto.

Kuhusu kipimo, ukurasa mmoja waandika 50:1, mwingine 1:50, wa tatu asilimia 2. Mwalimu wa hisabati atatuambia kwamba uwiano hueleweka. Naam, kwa aliyeambiwa kipi kinatangulia. Atatuambia pia kwamba asilimia 2 ya mchanganyiko wote si sawasawa na sehemu 1 kwa 50. Tofauti hiyo injini haiijui, lakini msomaji aliyekwisha kutatizwa na kurasa mbili huiona ni agizo jipya. Iandikwe mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli. Injini inayotaka 25:1, kama zinavyotaka baadhi ya injini mpya katika saa za mwanzo, ipewe mililita 40.

Katika uchaguzi wa oili, mfasiri amepotea mbali. Alama ya TC-W3 kwenye kopo huonyesha oili iliyokusudiwa injini za boti zinazopozwa kwa maji. Yeye ameandika "oili ya maji baridi", nasi tunaogopa kufikiri ni nani atakayetia maji. Wala hakueleza kwa nini oili ya gari isitumike, ingawa ndiyo iliyo karibu dukani. Oili hiyo imetiwa viungo vyenye madini, ambavyo vikiungua huacha majivu. Ndani ya gari haikusudiwi kuungua, humu haina budi kuungua. Kwa hiyo "oili ya mapigo mawili" ni jina la kitu mahsusi, lisifupishwe kuwa "oili" mahali popote palipo na hatari ya kukosea.

Neno moja twampongeza: "kilainishi". Ni neno zuri la jumla, lenye kukusanya oili na grisi pamoja. Tatizo ni kwamba amelitumia palipotakiwa oili, na mtu anaweza kufika dukani akaomba kilainishi akapewa grisi.

Aya yake ya mistari kumi na minne ingeweza kusomeka hivi: "Tia mililita 100 za oili ya mapigo mawili yenye alama TC-W3 katika chombo safi. Ongeza lita 5 za petroli. Funga kifuniko, tikisa, kisha jaza tangi. Usitumie oili ya gari."