Talk Talk, na ile disiki ambayo mwenyewe alitaka iharibiwe

Bandugu wasomi, kuna rafiki yangu mmoja, tulimaliza lisansi mwaka uleule, leo anaishi Brussels. Pesa yake ya ziada hainunui viatu wala bia. Inanunua disiki, zile nyeusi kubwa za zamani zinazochezwa na sindano, na karibu zote ni za kundi moja la Waingereza linaloitwa Talk Talk. Albamu yao Spirit of Eden anayo mara tatu. Nilipomuuliza juu ya nini mtu mwenye akili ananunua kitu kimoja mara tatu, alinijibu kama profesa anayemjibu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Hapana kitu kimoja, ndugu. Ni presaji tatu." Yaani kiwanda kimekandamiza disiki zile kwa nyakati tofauti, na kwa sikio lake kila wakati una sauti yake.

Nilicheka. Mimi ile albamu nilikuwa nayo ndani ya simu, nimeipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, na nilidhani inatosha. Kisha nikapata formasyo ya wiki tano kulekule Brussels, nikalala mu salon yake, kichwa karibu na zile disiki. Naandika sasa kusema alinishinda wapi, na wapi bado namkatalia.

Kwa wale hawawajui: Talk Talk walianza London mwaka 1981. Mwimbaji alikuwa Mark Hollis, batri Lee Harris, besi Paul Webb, kinanda Simon Brenner. Kompanyi yao EMI ilikuwa pia ya Duran Duran, mtayarishaji wa albamu ya kwanza, The Party's Over ya 1982, alikuwa Colin Thurston aliyewatengeneza Duran Duran, tena walitembea pamoja kwenye matamasha. Basi watu wakasema hawa ni nakala tu. Brenner akaondoka, akaingia Tim Friese-Greene kama mtayarishaji na mwandishi mwenza, na kutoka hapo kila albamu ilikimbia ile iliyotangulia. It's My Life ya 1984 ilipendwa bara la Ulaya kuliko nyumbani kwao: ule wimbo wenye jina la albamu haukufika hata kwenye 40 bora za Uingereza mwaka ule. (Vijana wengi waliujua mwaka 2003 kwa sauti ya No Doubt, wakadhani ni wao. Si kosa lao.) The Colour of Spring ya 1986 ikauza vizuri kabisa. Kompanyi ikafurahi, ikawapa pesa na muda. Nafikiri hakuna aliyejua alikuwa analipia nini.

Alichokuwa analipia ni Spirit of Eden, iliyotoka Septemba 1988. Walijifungia miezi na miezi mu Wessex, studio ya London ya kaskazini iliyokuwa zamani jumba la kanisa. Injinia Phill Brown ameeleza namna walivyofanya kazi gizani, mwanga wa rangi tu unatembea ukutani. Wapigaji waliitwa mmoja mmoja: Danny Thompson na besi yake kubwa ya mbao, Nigel Kennedy na violoni, Mark Feltham na harmonika, tena kwaya ya katedrali ya Chelmsford. Mtu anaingia, anapiga kile kinachomjia, anaenda nyumbani. Baadaye Hollis na Friese-Greene wanakaa na ule mlima wa sauti, wanachagua sekunde chache, nyingine wanatupa. Mtu anaweza kupiga mchana mzima, kwenye albamu akabaki na pumzi moja.

Ukiisikia mara ya kwanza utadhani simu imekufa. Dakika mbili za mwanzo ni tarumbeta ya mbali, nyuzi zinazolia polepole, vitu vidogo vinavyogongana kama mtu anatafuta ufunguo gizani. Kisha gitaa moja inateleza, batri inaingia taratibu sana, na ile harmonika inapiga kelele kama chuma kinachokatwa. Halafu kimya tena. Hollis anaimba kama mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa. Upande wa kwanza una nyimbo tatu, "The Rainbow", "Eden" na "Desire", lakini zinashikana bila mlango katikati, na ukiruka moja umeharibu zote. Upande wa pili una "I Believe in You", wimbo unaohusu heroini. Usitafute humo mahubiri. Kuna huruma tu, na ile kwaya inapopanda mimi huacha kitu chochote nilikuwa nafanya.

Sasa turudi kwa presaji. Hapa njo rafiki yangu alinishinda, na alinishinda kwa fizikia, hapana kwa mapenzi.

Disiki ina mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Upande ukiwa mrefu, mizunguko inabidi ikaribiane, na mara nyingi sauti inachongwa chini zaidi ili mifereji isigongane. Sauti ikiwa chini, ile kelele ndogo ya plastiki yenyewe, vumbi, mikwaruzo, inakuja karibu na muziki. Kwa kundi la roki linalopiga kwa nguvu toka mwanzo mpaka mwisho hiyo si kitu. Lakini weka Spirit of Eden hapo. Upande wa kwanza unapita dakika 20, na umejaa fasi ambazo karibu hakuna kitu. Disiki mbaya itakuletea kukaangwa kwa mafuta palepale Hollis alipokuwekea kimya. Na kimya kile hakikusahaulika mu studio, alikitengeneza. Kukifunika ni sawa na kumwaga wino juu ya ukurasa.

Kuna lingine nililipenda zaidi. Sindano inavyokaribia katikati, mzunguko ni mfupi, lakini disiki inazunguka kwa mwendo uleule. Kwa hiyo sauti ya sekunde moja inabanwa kwenye nafasi ndogo. Njo maana mwisho wa kila upande huwa unasikika vibaya kuliko mwanzo. Na mwisho wa upande wa kwanza kuna nini? "Desire", wimbo wenye mlipuko mkubwa kuliko zote. Yaani fasi ngumu kabisa ya albamu imewekwa pale disiki ina nguvu ndogo kabisa. Rafiki yangu alinichezea ile ya 1988 aliyoinunua mkononi mwa mtu, kisha ile iliyotolewa upya 2012, nzito zaidi, iliyokuja pamoja na DVD yenye sauti ya kiwango cha juu. Ile ya zamani, kwa bahati mbaya mwenyewe wa kwanza aliichezea sindano iliyochakaa: mlipuko wa "Desire" ulitoka kama kitambaa kinachopasuka. Ile ya 2012 ilibaki imesimama. Mimi na simu yangu tulikuwa tunasikia nini miaka yote ile? Mlipuko uliokatwa kichwa na kimya kilichojazwa pikipiki za barabarani.

Kwa hiyo nakubali. Anayesema "muziki ni muziki, hata ukisikia kwa simu" hajasikia albamu hii. Tena kuna jalada. James Marsh, mchoraji wa majalada yao, aliweka mti mmoja majini, umebeba ndege na konokono za bahari badala ya matunda. Kwenye simu ni ukubwa wa kucha. Kwenye sentimita 30 unaanza kuhesabu ndege. Na ndani kuna maneno ya nyimbo kwa mwandiko wa mkono wa Hollis mwenyewe, mwandiko mbaya kama wa daktari, unalazimika kuusogelea. Nafikiri alitaka usogee.

Lakini.

Hawa bandugu wa disiki wana dini moja ndogo inayonichosha. Wanaangalia herufi na namba zilizochongwa karibu na katikati, wanajua ipi ilitoka kiwanda gani, na wakishapata ile ya kwanza kabisa wanaongea kama waliona ufufuko. Ya kwanza njo ya kweli, zingine ni kivuli. Tena wanasisitiza kwamba disiki ni sauti "safi", isiyoguswa na tarakimu za kompyuta. Nikamwambia rafiki yangu: ndugu, albamu yako yenyewe iliunganishwa kwa mashine za dijitali! Zile pumzi za tarumbeta, zile sekunde za violoni, zilihamishwa kutoka siku moja kwenda siku nyingine kwa mitambo ya tarakimu. Hakukuwa na jioni moja ambapo watu wale walikaa pamoja wakapiga "Eden". Muda wa kwanza unaoutafuta kwenye presaji ya kwanza haukuwahi kuwepo. Alinyamaza, akaenda kuchemsha chai. Najua nilimgusa.

Na sasa nafika kwenye ile disiki ya kichwa cha maandishi haya.

Baada ya Spirit of Eden, Talk Talk na EMI waligombana juu ya mkataba mpaka mahakamani, na kundi likafaulu kutoka. Wakaenda Polydor, na mwaka 1991, kwa jina la Verve, wakatoa Laughing Stock, iliyo kimya zaidi na kali zaidi. (Wakati ule kila mtu alikuwa ananunua CD, disiki zake zilikuwa chache, bei yake baadaye ikawa ya kutisha mpaka ilipotolewa upya.) EMI walibaki na nyimbo za zamani. 1990 wakatoa mkusanyo, Natural History, ukapanda mpaka namba 3 Uingereza. Wakaona kumbe kuna pesa. 1991 wakatoa mwingine, History Revisited: nyimbo zilezile zimechanganywa upya kwa ajili ya disko, watu wengine wamepewa kazi, kundi halikuulizwa. Hollis akaenda mahakamani. Mwisho wake albamu ikatolewa sokoni, na nakala zilizobaki zikaharibiwa.

Fikirini, bandugu. Umeandika memwari yako miaka miwili. Mtu anaichukua, anaingiza kurasa zake, anabadilisha hitimisho, kisha anaiuza na jina lako juu. Utasema nini? Hollis hakusema mengi. Alidai ifutwe, akafutiwa. Mimi kati ya mambo yote aliyofanya naona hili linaenda sawa kabisa na Spirit of Eden: mtu aliyetupa masaa ya muziki wake mwenyewe ili abaki na dakika 40 hawezi kuvumilia wengine wamwongezee.

Na rafiki yangu anayo. Nzima, ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye rafu ileile ya Spirit of Eden. Kwa watu wa disiki, amri ya kuharibu nakala zilizobaki inafanya kazi kinyume: kila iliyopona inaonekana ya thamani. Nilimwambia huu si upenzi, ni ushahidi wa wizi umewekwa kama kombe. Akasema anaitunza kama historia, kwamba asiyejua walifanyiwa nini hawezi kuelewa kwa nini Laughing Stock imejaa hasira ya chini kwa chini. Hoja yake si ya bure. Nilimuomba aiweke tuisikie. Ngoma za disko zimepandishwa juu ya sauti ile inayoogopa kuamsha mgonjwa, zinagonga, zinagonga, na yeye nyuma yake anaendelea polepole kama hajui nani ameingia nyumbani. Hatukufika mwisho wa upande.

Hapo akanipa ile disiki mkononi. "Basi ivunje weye," akasema. "Mwenyewe alitaka hivyo." Alikuwa haniigizii; disiki ile alikuwa ameilipia, na alikuwa ananiangalia kweli kuona nitafanya nini. Hollis alikufa Februari 2019, na miaka 64, baada ya kukaa karibu kimya kabisa tangu albamu yake ya peke yake ya 1998. Hakuna mtu tena wa kuuliza. Nilishika ile plastiki kwa ncha za vidole, kama alivyonifundisha, bila kugusa mifereji, na nikaona kwamba vidole vyangu vilikuwa tayari vinaitunza.

Nikairudisha kwenye mfuko. Lakini nilimuomba kitu kimoja, akakubali: imetoka kwenye rafu ya Talk Talk, sasa iko chini, pamoja na bili za umeme na karatasi za mkataba wa nyumba. Kisha akageuza Spirit of Eden upande wa pili, akafunga dirisha juu ya tramu inayopita, na tukangoja kwaya.