Amechuchumaa, si anachuchumaa

Mwalimu wa lile somo la Kijapani linalozunguka kwenye simu za vijana wa migodini, Mwakitolyo hadi Nyarugusu, alishamaliza kazi, kisha akaiharibu kwa herufi mbili. Mmeiona wenyewe ile picha: mchimbaji yuko mwaloni, magoti kayakunja, makalio yanakaribia visigino, karai la mchanga mbele yake. Pembeni pameandikwa shagande iru. Chini yake, "anachuchumaa".

Hapana. Anayechuchumaa ndiyo kwanza anashuka. Huyu alishashuka zamani na karai linazunguka mikononi mwake, amechuchumaa. Kijapani kinakwenda vivyo hivyo: shagamu ni kule kushuka, na -te iru inashika hali iliyobaki baada ya kushuka. Ndiyo maana suwatte iru ni ameketi, tatte iru ni amesimama, utsumuite iru ni ameinamisha kichwa. Hisia nazo zimo humo humo, okotte iru ikiwa amekasirika. Mwalimu kazipitisha zote kwenye "ana-", tukaletewa msimamizi wa duara ambaye "anakasirika", kana kwamba hasira bado iko njiani inakuja, wakati uso umeshavimba!

Najua ilikotoka: kitabu cha Kiingereza, ugonjwa wetu wa siku zote. Kiingereza humvisha aliyesimama na anayetembea umbo moja, sisi tunawatenganisha tangu utotoni. Naite iru, analia, na waratte iru, anacheka, hapo tendo bado linaendelea na "ana-" ni halali kabisa, na hakuna mtoto wa Kahama angehitaji kufundishwa tofauti hiyo. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya 1944, alishaieleza -me-: tendo limekwisha, hali imebaki. Mgeni aliiona, mwenyeji anairuka.

Matamshi ya mwalimu ni safi. Alipotenga ureshii, furaha ya moyoni mwangu, na yorokonde iru, furaha ninayoiona kwa mwenzangu, alipatia.

Lakini kwa nini bado herufi za Kirumi? Hiragana za msingi ni 46 tu. Nimelisema hili hadi nimechoka, tsukarete iru, na si "ninachoka".

Mwalimu arekodi upya kipande hicho. Nawe uliyekwishanakili, chukua kalamu: mikao yote na hasira zipe "ame-", kilio na kicheko viache vilivyo.